Gari Lisilotaka Kupata Moto

Fundi huyu mtaa mzima ulimwita Kitukidogo. Hata gari lililoletwa kwa kuvutwa kamba, alilitupia jicho mara moja tu akasema, "Ah, kitu kidogo." Asubuhi ile kitu kidogo kilikuwa kimemtoa jasho saa mbili nzima.

Gari lilikuwa la dada yake, aliyekuja kumchukua mama akaishi naye milimani, kwenye nyumba yenye meko ya kuota moto usiku na mchana. Kifua cha mama hakina mchezo. Daktari alishaonya kwamba baridi ikimpiga tena, mambo yatakuwa mengine. Na hita ilikuwa inapuliza upepo wa jokofu.

"Bila hita siondoki naye," dada alisema. "Ni saa sita njiani, kaka."

Kitukidogo akapima maji ya rejeta: yamejaa. Feni inavuma. Akashika mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita: vuguvugu yote miwili. Akatoa hewa iliyonasa, akalizungusha gari mtaani mara mbili. Mshale wa joto umelala chini, naye kwa mazoea akausifu: injini haichemki, injini nzima. Sasa moto unakwenda wapi? Mafuta yanaungua, moto lazima uwepo. Alikuna kichwa mpaka nywele zikajaa grisi. Alikuwa amechanganyikiwa kweli, na mama, aliyekaa kiti cha mbele na shali lake, alizidi kumchanganya kwa kumtazama mikono.

"Kama hutaki aondoke, sema," dada alimwambia.

"Nani kasema sitaki?" alijibu, haraka mno. Miaka tisa amekaa na mama nyumba moja, na ni yeye aliyesema sasa ni zamu ya dada. Lakini hata hilo, asubuhi ile, hakujua tena kama alilisema kwa moyo.

Akafungua kifuniko pale mpira mkubwa wa rejeta unapoingia kwenye injini. Ndani kweupe. Kile kilango kinachoyazuia maji yasikimbilie rejeta kabla injini haijapata moto hakipo.

"Nani katoa themostati?" aliuliza kwa hasira.

Dada akamtazama kwanza. "Wewe. Lilipochemka mwaka juzi, nilipokuja kuwatembelea. Ulisema huku kwenye joto, hilo ni pambo tu."

Kweli. Kila gari lililopita mikononi mwake lilitoka bila pambo hilo, na kopo zima la mapambo lilikuwa rafuni. Aibu ikamshika. Akachagua moja la saizi ile, akalichemsha kwenye sufuria mpaka akaliona linafunguka, akalifunga mahali pake. Robo saa baadaye mshale ukapanda hadi katikati, na hita ikatoa moto.

Dada akaingia ndani kufuata mabegi. Mama akaweka viganja mbele ya hita.

"Limepona."

"Limepona, mama."

"Nilidhani unachelewesha makusudi."

"Hapana, mama. Haki ya Mungu sikujua tatizo liko wapi."

Mama akaitikia kwa kichwa, akavuta shali mabegani. "Basi mimi," alisema polepole, "nilikuwa nimekaa hapa naomba usijue."

Kitukidogo akapitisha mkono dirishani, akazima injini, kisha akamwita dada yake, akamwambia aache mabegi kwanza.