Macho ya Upande wa Mawio

"Toka humo, shangazi. Watu wanapita."

"Wapite. Hawajaona mtu akijaribu kitu chake?"

Hetepet alikuwa amelala ndani ya jeneza lake jipya, katikati ya ua wa Uhemi, mtoto wa kaka yake, mchoraji wa majeneza pale Siut, mji wa Misri ya kale kando ya Nile. Alilalia ubavu wa kushoto, uso ukielekea ubao wa mashariki, kama atakavyolazwa siku yake. Jasho la miaka mingi ya kupika pombe ndilo lililonunua mbao hizi za mkuyu, na asubuhi hii alikuja karibu akikimbia.

Kisha akapima. Kidole kimoja alikiweka nje, juu ya jicho mojawapo kati ya mawili yaliyochorwa ubaoni ili maiti aone nje kwayo. Cha pili ndani, mkabala nacho. Cha ndani kikawa usawa wa nywele zake.

"Umemchorea mtu mwingine. Jua likichomoza litaonwa na nywele zangu."

"Macho hukaa hapo. Baba aliyachora hapo, na babu pia. Halafu maiti hunyooshwa, shangazi."

"Mgongo huu umeinamia mitungi tangu sijaota matiti. Utaunyoosha kwa nini, nyundo?"

Bebi, mkewe Uhemi, aliyekuwa akisaga rangi, akaficha kicheko kiwikoni.

"Basi tukuwekee mto miguuni, ukusukume juu," Uhemi akasema.

"Mto utaoza. Mimi nitabaki natazama ubao."

"Unataka nichore mengine chini? Jeneza la macho manne? Mji mzima utasema nilichora nimelewa."

"Na watajua pombe ilikuwa ya nani," Bebi akasema.

Hetepet hakucheka. Mumewe alizikwa ndani ya mkeka tu, uso mchangani. Tangu siku ile yeye alitaka jambo moja: kuliona jua likitoka ng'ambo ya mto, kila siku, bila mwisho.

Akajiinua, akatoka. Uhemi akashusha pumzi akidhani yamekwisha. Hetepet akachovya upindo wa nguo yake katika mtungi wa maji, akaupitisha juu ya jicho la kwanza, kisha la pili. Rangi nyeusi na nyeupe zikachuruzika ubaoni.

"Shangazi, jamani."

"Sasa hayatakuwa manne. Shika brashi."

Akarudi ndani upesi kama msichana anayeruka mfereji, akalala. Akagonga ubao mbele ya jicho lake.

"Hapa."

Kisha Uhemi akagonga kutoka nje.

"Chini kidogo."

Akagonga tena.

"Chini, mwanangu. Mimi si twiga."

Akagonga mara ya tatu, na ubao ukatetemeka sawasawa mbele ya mboni yake.

"Hapo hapo. Usiondoe kidole."

Alimsikia akimwambia Bebi alete nyeusi. Halafu, unene wa ubao tu kutoka kwenye kope zake, brashi iliyolowa rangi ikaanza kutambaa.