Saini ya Marehemu

Jumanne asubuhi, mpiga pasi alikuwa analifungua shuka la thelathini na mbili alipohisi pedi ya pili imeshindwa kazi. Ilikuwa siku ya nne ya hedhi yake, na zilibaki siku saba. Aliliingiza shuka kwenye rola, mwenzake akalipokea upande wa pili, wakakunja pembe kwa pembe kama walivyofanya kwa miaka tisa katika chumba kile cha kufulia cha hoteli. Sare yao ilikuwa nyeupe pe. Msimamizi alisema nyeupe inawapa wageni imani, ingawa kwa joto la mle ndani hakuna mgeni aliyewahi kukanyaga.

Kwenda chooni kuliruhusiwa mara mbili kwa zamu, na mpiga pasi alikuwa ameshamaliza mara zake kabla ya saa nne. Basi alijikaza kisabuni, akabana miguu, akaendelea na kazi, mpaka rola ikaonekana mbili na sakafu ikamjia usoni. Alipozinduka alikuwa amelazwa juu ya lundo la mashuka masafi. Msimamizi alikuwa amechuchumaa pembeni yake, akikagua kama mashuka yameingia damu. Mawili yalikuwa yameingia. Yalirudishwa kufuliwa, naye akaruhusiwa kwenda zahanati.

"Nenda, ila kesho uwepo," msimamizi alimwambia. "Ukianguka tena itabidi nitafute mtu mwingine. Unajua hoteli imejaa."

Katika chumba cha uzazi wa mpango palikuwa na muuguzi mwenye sauti ya kuchoka na mji wa mimba wa plastiki uliofunguka katikati kama kasha. Alimpima presha, akamtoboa kidole, akatazama mashine, akatikisa kichwa.

"Damu yako ni saba, dada. Inatakiwa ifike kumi na mbili."

Akaufungua ule mji wa plastiki. "Kila mwezi mwili unatandika kitanda. Huku juu yai linatoka, huku ndani utando unanenepa kuungoja ugeni. Mimba isipotunga, kitanda kinatanduliwa, kinatoka. Hiyo ndiyo hedhi. Sasa wewe mwili wako unatandika magodoro matano, kisha unayatupa yote mlangoni."

Alitoa kitanzi kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha mpiga pasi. Kilikuwa chepesi kuliko kifungo cha shati. "Hiki kina homoni. Kinakaa mle ndani, kinaufanya utando ubaki mwembamba. Damu inapungua, kwa wengine inakatika kabisa, na wala haiendi kujazana kichwani kama watu wanavyosema. Kile cha shaba sikupi, kinaongeza damu. Vile vidonge vya kawaida vya majira navyo hapana, presha yako iko juu. Hiki ni kazi ya dakika kumi."

"Basi niwekee, sista."

"Pita kwa karani kwanza."

Kitanzi kilikuwa kwenye orodha ya uzazi wa mpango. Mwanamke aliyeolewa hapewi kitu cha orodha ile bila saini ya mume, awe anazuia mimba au anazuia kufa. Karani alilivuta faili lake kutoka kwenye rafu. Lilikuwa na visanduku viwili tu, ameolewa na hajaolewa, na aliyekwisha kuingia cha kwanza hakuwekewa mlango wa kutokea. Ndani yake mlikuwa na fomu ya miaka kumi na moja iliyopita, haina saini. Mumewe aliipokea siku ile akasema atafikiri. Katika kufikiri kwake walizaliwa watoto watatu, kisha mapafu yakamwua kabla hajafikia uamuzi.

"Mume wangu amefariki," mpiga pasi alisema. "Huu ni mwaka wa tatu."

"Pole sana, mama," karani alisema, na ilionekana kweli amesikitika. Akajaza karatasi ya wito, akaigonga muhuri. "Fomu za waume tunazisikiliza Alhamisi moja kwa mwezi. Mwambie aje wiki ijayo, saa mbili."

Mpiga pasi alitembea hadi makaburini kwa hasira. Hakwenda kuomba. Alikwenda kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumtupia ile karatasi. Aliiweka juu ya kaburi, akaikandamiza kwa jiwe.

"Umeitwa," alisema, akaondoka.

Alhamisi alimkuta mumewe ameketi kwenye benchi la zahanati, wa kwanza kwenye foleni. Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kuwahi. Alivaa nguo alizozikwa nazo, mabega yana udongo kidogo, na wito ameushika mkononi. Wanawake waliokuwa wakisubiri walisogea kumpa nafasi. Karani alitoka nyuma ya dirisha lake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote, akamletea kiti chenye mto na kumpangusa udongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mume alimtazama mkewe. "Umekonda, mama watoto."

"Natoka damu siku kumi na moja kila mwezi."

"Pole," alisema. Aliuliza habari za watoto, akaambiwa hawajambo. Aliuliza kama bati la jikoni limezibwa, akaambiwa limezibwa. Kisha aliishika fomu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Alikuwa amezikwa bila miwani. Karani alisema si haki mtu kusaini asichokisoma, akaiahirisha shughuli hadi mwezi uliofuata. Wote waliona amesema la maana. Mpiga pasi alitazama ukuta ili asimtazame mtu.

Mzunguko mwingine ulimkuta kazini. Alivaa pedi tatu na mfuko wa plastiki juu yake. Mwenzake wa rola alitembea nyuma yake kila alipopita mbele ya msimamizi. Siku ya tano kizunguzungu kilimpanda tena, naye akawahi kuketi sakafuni mwenyewe, ili isihesabike kuwa ameanguka. Msimamizi alimtazama, akatazama saa, akaandika kitu. Zile dawa za kuongeza damu alizopewa alizimeza asubuhi na jioni, na kila alichoingiza kilitokea chini.

Alhamisi ilipofika mpiga pasi alikuja na miwani ya mumewe. Marehemu aliifuta kwa shati, akaivaa, akasoma fomu upande wa kwanza, akaigeuza, akasoma upande wa pili mpaka jina la mchapishaji. Kisha akaomba aelezwe, na muuguzi akaelezea tena yai, utando na kitanda, akiwa ameukumbatia mji wake wa plastiki.

"Nimeelewa," marehemu alisema. "Ila mbali na hiyo damu, hiki kitu kinazuia na mimba?"

"Kinazuia. Ute wa shingo ya kizazi unakuwa mzito, mbegu za mwanamume hazipiti."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitano, hata zaidi."

"Miaka mitano." Alivua miwani. "Sasa nauliza tu. Mimi sipo. Mke wangu anataka kuzuia mimba ya nani?"

Benchi zima likamgeukia mpiga pasi. Karani alitikisa kichwa kukubali, akaliandika swali lile pembeni ya faili.

Mpiga pasi alihisi masikio yanawaka. Alitaka kupiga kelele na hakuwa na damu ya kutosha kupigia kelele. "Sina mtu, baba watoto. Na ningekuwa naye isingekuhusu. Mimi ninaisha."

"Sijakataa. Nimesema nitafikiri."

"Ulifikiri miaka minane."

"Jambo lenyewe si dogo," alisema.

Muuguzi aliweka mji wa plastiki chini. "Mzee, nikuambie ukweli. Leo damu yake ni sita. Akienda hivi, baada ya miezi michache moyo utachoka, na huyu mama hatakuwepo."

"Basi tutakuwa wote," marehemu alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake kwenye benchi, na wanawake wawili watatu waliguna kwa namna ya kusema huyo ni mume anayempenda mkewe.

Mpiga pasi alisimama. Ilibidi ashike ukingo wa dirisha la karani.

"Huyu hana damu hata tone," alisema. "Mtoboeni kidole muone. Mimi ndiye ninayevuja, mimi ndiye ninayefua, mimi ndiye ninayeanguka. Kwa nini mnamwuliza yeye?"

Karani alimtazama kwa subira ya mtu aliyezoea kuelezea wasioelewa. "Ana saini, mama."

Mpiga pasi alimpokonya kalamu. Aliivuta fomu, akaandika jina lake mwenyewe katika nafasi ya mume, kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka na wino ukaingia kwenye meza. Kisha akairudisha kalamu mahali pake. Karani aliitazama fomu, akaikunja, akaitia kwenye pipa la taka, akatoa mpya.

"Hasira hazisaidii," alisema, akaandika tarehe ya mwezi ujao. Akawauliza waliobaki nani mwingine ana mume aliyetangulia. Mikono miwili iliinuka, akagonga miito miwili. Ule mto ulishonewa kitambaa kipya wiki hiyo, na nyuma ya kiti wakabandika karatasi isemayo Waume Waliotangulia, ili watu wengine wasikikalie.

Muuguzi alimfuata mpiga pasi hadi koridoni, akamtia mkononi pakiti nyingine ya dawa za damu.

Marehemu alikuwa anatoka polepole, akiwaaga watu. Mlangoni palikuwa na boksi la kondomu lililopigiliwa ukutani, limeandikwa kwa maandishi makubwa: Chukua, usione haya. Alisimama akalisoma kwa miwani yake. Akachota pakiti nne, akafikiri kidogo, akaongeza ya tano, akazitia kwenye mfuko wa shati alilozikwa nalo.

"Karibu tena, mzee," karani alisema.

Mpiga pasi alikuwa ameegemea ukuta, akisubiri miguu yake impe ruhusa ya kwenda kazini. Alimtazama mumewe akishuka ngazi na kulivuka lango. Hakuna aliyemwita arudi. Hakuna aliyemwuliza kama mkewe ameridhia.