Jumatatu Iliyofungwa

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, lango la uwanja wa gofu wa Ufalme wa Ukoka lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ngiri ndiye aliyeuona kwanza, kwa kuwa ndiye aliyezoea kufika mapema kuliko wenzake. Begani alikuwa na fimbo tatu, moja imeungwa kwa waya. Aliushika mnyororo, akaupima uzito wake, kisha akaketi chini kuwangoja wengine.

Utaratibu wa Ukoka ulijulikana na kila mtu. Uwanja ule wa mashimo kumi na manane ulijengwa na babu yake Mfalme Kiboko, na kwa siku sita za juma ulikuwa wa mabwana walioandikwa katika daftari la wachezaji. Mabwana hao walikuwa sitini na mmoja. Jumatatu hawakucheza, kwa sababu Jumatatu walikuwa wakiuguza pombe ya Jumapili. Basi siku hiyo uwanja uliachiwa wale waliowabebea mifuko ya fimbo. Hapakuwa na sheria iliyoandika hivyo. Ilikuwa desturi ya miaka arobaini.

Kila Jumatatu walikuja mia tatu na arobaini, wengine na fimbo walizotupa mabwana, wengine na matawi ya mpera yaliyochongwa. Walifundishana, walishindana, wakaleta na watoto wao. Hata hivyo hakuna aliyewaita wachezaji. Ngiri alikuwa amecheza Jumatatu kwa miaka kumi na minne, na kwa kawaida aliumaliza uwanja kwa mikwaju sabini na moja. Bwana Twiga, ambaye Ngiri alimbebea mfuko, hakuwahi kushuka chini ya tisini na tatu, na katika gofu mshindi ni mwenye mikwaju michache. Lakini Twiga alikuwa mchezaji na Ngiri hakuwa, na jambo hilo lilikuwa limemkaa Ngiri kooni kwa miaka yote hiyo. Alimwonea wivu Twiga viatu vyake, mwavuli wake, hata namna alivyokosea bila kuchekwa. Zaidi ya vyote alimwonea wivu ule mstari mmoja wa wino mweusi katika daftari.

Punda alifika wa pili, akalitazama lango.

"Tumefungiwa nje, ama wao ndio wamejifungia ndani?"

"Soma tangazo," Ngiri alisema.

Punda alisoma polepole. Uwanja ungepumzishwa kila Jumatatu kwa miezi kumi na mmoja, ili uwe tayari kwa Mashindano Makuu.

"Nyasi zipumzike," Punda alisema. "Mimi mwaka wa ishirini huu nabeba mifuko. Sijaona tangazo langu."

Ngiri hakucheka. Habari ile alikuwa nayo tangu juma lililopita. Twiga alikuwa mjumbe wa baraza, na alipenda kuingia barazani akifuatwa na mfuko wake wa fimbo. Kwa hiyo Ngiri alikuwa amesimama mlangoni, mfuko begani, siku shauri lilipokatwa.

Siku hiyo Mfalme Kiboko alikuwa ametoka Ng'ambo ya mto, katika ufalme wa Nyati, ambako alialikwa kutazama mashindano kama hayo.

"Nyati ana mahema ya hariri," Mfalme aliliambia baraza. "Ana bendera katika kila shimo. Wageni themanini kutoka falme kumi na mbili wanamwita kwa jina lake. Mimi nilipojitambulisha wakasema, kumbe wewe ndiye yule jirani yake Nyati."

Baraza lilitikisa vichwa kwa huzuni inayostahili. Korongo, Waziri wa Michezo, akainuka, akasimama kwa mguu mmoja kama alivyofanya kila alipotaka kuonekana anafikiri.

"Mtukufu, tuandae na sisi. Tena si kwa fahari tu. Mashindano makubwa hukuza mchezo. Raia wakiwaona mabingwa kwa macho yao watatamani, na wakitamani watacheza. Ng'ambo wachezaji wameongezeka maradufu."

Nguchiro, Mtakwimu Mkuu, aliinua kalamu. "Kutoka wangapi hadi wangapi, Mheshimiwa?"

"Nimesema maradufu."

"Nimesikia. Walihesabiwa lini?"

"Wiki ile ile ya mashindano."

"Na baada yake?"

"Baada yake wageni walikuwa wameshaondoka," Korongo alisema. "Ya nini kuhesabu tena?"

Nguchiro aliandika jibu hilo kama lilivyotamkwa. "Mtukufu," alisema, "hapa petu wapo mia tatu na arobaini wanaocheza kila Jumatatu. Kama nia ni kuukuza mchezo, tungeanza na hao. Tuwaandike, tuwape fimbo. Wageni waje baadaye."

"Wewe ukialikwa harusini," Mfalme alimwuliza, "huwa unahesabu meno ya bibi harusi?"

Baraza likacheka. Nguchiro alingoja kicheko kiishe, akaketi.

"Hao wa Jumatatu si wachezaji," Korongo alieleza. "Ni wafanyakazi wanaojiburudisha. Na kwato zao zinaharibu nyasi ambazo mabingwa watazikanyaga."

"Basi Jumatatu ifungwe," Mfalme alisema, na ikawa imefungwa.

Lilibaki jambo moja dogo. Kwa taratibu za mashindano, nafasi moja kati ya themanini hutengwa kwa mwenyeji, na mwenyeji huyo hupatikana kwa mchujo ulio wazi kwa kila aliyeandikwa katika daftari. Pale mlangoni Ngiri alisahau uzito wa mfuko.

Walipokuwa njiani kurudi alikusanya ujasiri.

"Bwana, daftari linataka saini ya bwana mmoja tu ili jina jipya liingie. Ningeomba saini yako, nijaribu mchujo."

Twiga aliinamisha shingo mpaka macho yao yakakaribiana. "Nikitia saini utakuwa mchezaji."

"Ndiyo, bwana."

"Sasa mfuko wangu atabeba nani?"

Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa kutaka kujua, kisha akaendelea na safari. Mchujo ulipofanyika alijitokeza mtu mmoja. Twiga alipata nafasi ya mwenyeji kwa mikwaju mia na mbili.

Miezi ikapita. Jumatatu za mwanzo wabeba mifuko wapatao mia mbili walikuja kusimama langoni, labda mnyororo ungefunguliwa. Kufikia mwezi wa sita walikuwa tisini. Mwezi wa tisa, thelathini na mmoja. Fimbo za mpera ziligeuka miti ya kupandishia maharage, na watoto waliokuwa wakihesabu mikwaju walianza kuhesabu ndoo, kwa sababu maji ya Kisima cha Chini yalielekezwa uwanjani na foleni ya yaliyobaki ilianza alfajiri. Ngiri alipita kando ya waya kila siku akitoka kisimani na nusu ndoo. Ndani, maji yalirushwa juu yakaanguka kwa upole juu ya ukoka. Nyasi hizo zilikuwa na mlinzi, zilikuwa na saa za kunywa, na mtu aliyezikanyaga aliadhibiwa. Ngiri alizionea wivu. Aliona aibu kidogo kuonea nyasi wivu, lakini alijichunguza akakuta ni kweli.

Mashindano yalichukua siku nne. Wageni walicheza vizuri, na raia elfu sita waliwatazama wakiwa nyuma ya kamba. Siku ya kwanza, shimo la tatu, mpira wa Twiga ulisimama hatua kumi na mbili kutoka shimoni, mteremko ukipinda mara mbili. Twiga aliutazama kutoka juu, akaona kijani tu.

"Wapi?" alinong'ona.

Ngiri alipiga magoti, kama ngiri wote wanavyopiga magoti wanapokula, akautazama udongo akiwa sawa nao. Ilimjia kwamba angeweza kumdanganya. Neno moja tu, na elfu sita wangeona Twiga ni nani. Lakini mteremko ulikuwa mzuri mno, na alitamani kuona kama ameusoma sawasawa.

"Nyayo mbili kushoto kwa shimo, bwana. Upige kama unautuma dukani, usiufukuze."

Mpira ulipinda mara mbili ukaingia. Elfu sita walipiga makofi, na Twiga aliinua kofia. Kwa siku nne hakupata mkwaju mwingine wa maana, akamaliza wa themanini kati ya themanini. Lakini picha iliyobandikwa mjini ilikuwa ya ule mmoja, na maneno chini yake yalisema kwamba mwenyeji ameonyesha njia. Ngiri alipita mbele ya picha hiyo mara nyingi. Goti lake la kulia lilionekana pembeni.

Baada ya majuma mawili Mfalme alidai hesabu ya ukuaji. Nguchiro aliisoma akiwa amesimama wima. Wachezaji walioandikwa: hamsini na wanane, kwa kuwa watatu walistaafu baada ya kuwaona mabingwa. Wachezaji wa Jumatatu waliobaki na fimbo: tisa.

"Nimekwisha mwalika Nyati," Mfalme alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwandikia kwamba mchezo umekua kwangu kuliko kwake. Anakuja Jumatatu kuona."

Korongo alishusha mguu wa pili. "Ataona, Mtukufu."

Jioni ya Ijumaa Korongo alimfuata Ngiri kisimani akiwa na daftari kwapani. Alilifungua. Mstari wa mwisho, kwa wino mweusi, ulikuwa na jina la Ngiri, na kando yake saini ya Twiga.

"Wewe ni mchezaji wa hamsini na tisa," Korongo alisema. "Jumatatu utacheza mbele ya wafalme wawili. Mfalme Nyati akikuuliza ulianza lini, utasema ulianza baada ya mashindano, ulipowaona mabingwa. Basi."

"Na Punda? Na wenzangu?"

"Watakuwapo. Wewe tazama jina lako, bwana. Si ndilo ulilolitaka?"

Ngiri alilitazama mpaka giza likaanza kuyafuta maandishi. Ndilo hasa alilolitaka.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mnyororo ulifunguliwa. Kiboko na Nyati waliketi chini ya hema karibu na shimo la kwanza. Nyuma ya kamba walisimama wabeba mifuko mia tatu, kila mmoja na fimbo mpya mkononi. Korongo alikuwa amezichongesha haraka kutoka kwenye mbao za majukwaa ya wageni. Hazikuwa na kichwa cha kupigia, na hakuna aliyepewa mpira, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuonekana. Kwa umbali walionekana wachezaji mia tatu.

Ngiri alipiga mkwaju wake wa kwanza. Ulikwenda mbali, ukanyooka. Nyati alimwita hemani.

"Umepiga vizuri. Ulianza lini?"

Korongo alikohoa. Ngiri aligeuka kidogo, akamwona Punda nyuma ya kamba akimtazama. Aliyajua macho yale. Yeye mwenyewe alimtazama Twiga hivyo kwa miaka kumi na minne, na siku zote aliamini kwamba kutazamwa hivyo ni raha. Alingoja raha ije.

"Mwaka wa kumi na tano sasa, Mtukufu," alisema. "Kila Jumatatu. Mashindano yalipokuja niliacha."

"Na hao wengine?"

"Walikuwa wakicheza. Leo wamepewa fimbo za kushika."

Nyati aliwatazama wale mia tatu kwa muda. "Fimbo hizo umewapa wewe?" alimwuliza Kiboko.

"Mia tatu," Kiboko alijibu. "Wewe uligawa ngapi?"

Nyati alisimama, akawaashiria walinzi wake wajiandae kuondoka.

"Kwangu siku yao ilikuwa Alhamisi," alisema. "Niliwafungia kama ulivyofanya wewe. Uwanja sina tena, Kiboko, waliuchukua mwezi wa pili baada ya mashindano. Sasa ni malisho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanionea wivu. Nilikuwa nafurahi."

Kiboko aliinuka. Alimgeukia Korongo, akaamuru jina la Ngiri lifutwe na Ngiri atolewe uwanjani. Korongo alilifuta pale pale, mistari miwili ya wino. Walinzi kumi na wawili wakamwendea Ngiri, ambaye alikuwa ameshaanza kuufuata mpira wake.

Punda ndiye aliyeivuka kamba kwanza.

"Mwacheni amalize shimo," aliwaambia walinzi. "Zamu inayofuata ni yangu."

Walinzi walimtazama Punda, kisha wakatazama nyuma yake. Nguchiro, aliyekuwa kando ya hema na kalamu yake, aliwahesabu waliovuka kamba mpaka mia mbili na kumi na wanne, kisha ikambidi asogee kuwapisha. Hakuna aliyepigwa. Walinzi waliondoka kwa kutembea, kwanza polepole. Saa nne na nusu Mfalme Kiboko alionekana akishuka mtoni bila msafara. Saa tano kasorobo Ngiri aliutoa mpira shimoni, akarudi nao mpaka mahali pa kuanzia, akamkabidhi Punda fimbo yake, na Punda akapiga.