Pole ya Baba

Baba mdogo alikuwa ameshatoa kauli: bila kuvua samaki wa trauti hata mmoja kufikia Jumamosi, boti ya kaka yake anaichukua yeye. Leo ndiyo Jumamosi, na binti wa kaka huyo, fundi cherehani asiye na misuli ya kujivunia, alipiga makasia tangu asubuhi kama anayekimbizwa. Boti haichukuliwi, alikwisha kuapa.

Baba yake alikaa nyuma wakitazamana, mshipi ameuzungusha kwenye kidole cha mkono uliobaki na nguvu. Mbali nyuma yao, chambo cha bati kiliburutwa majini. Mzee alivua hivyo miaka arobaini, mpaka kiharusi kikamwachia neno moja tu.

"Pole," alisema.

"Nimeshapoa, baba."

Ndivyo alivyomjibu tangu hospitali. Akimlisha, pole. Akimwogesha, pole. Mzee wa watu anaona haya kuwa mzigo, binti alijiambia, na kila aliposikia neno lile moyo ulimuuma, akafanya haraka amalize, asizidi kumwaibisha.

Jua likapanda. Viganja vikatoka malengelenge. Akakaza meno, akaongeza kasi, chambo kikawa kinarukaruka juu ya maji.

"Pole."

"Baba, pole hailiwi! Nipe samaki!"

Mzee akapiga ubao kwa kiganja. "Pole," akasema, akahema, mate yakamtoka. "Pole."

Macho yake hayakuwa na haya hata chembe. Yalikuwa na hasira. Binti akayaunganisha yale maneno mawili kichwani, makasia yakamlegea mikononi.

"Polepole?"

Mzee akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Binti akaanza upya, kasia likiingia majini taratibu. Bati likazama, likayumba. Haukupita muda kidole cha mzee kikavutwa, naye binti akadaka mshipi, akavuta bila papara mpaka trauti mwenye madoadoa akaanguka miguuni pao.

Ufukweni baba mdogo alikuwa anangoja na kamba mkononi. Akamtazama samaki, akaikunja kamba yake, akaondoka bila kuaga.

Jioni binti alichambua miba, akachukua kijiko kidogo. Akampa tonge, akangoja ameze, ndipo akampa jingine. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, sahani iliisha bila mzee kusema neno.