Vimulimuli wa Sabato

Siku mbili kabla ya kumzika mama yake, Mokeira alisifiwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Huyu ndiye yule niliwaambia," baba yake, Mzee Alfayo, alimwambia kila aliyeingia uani kutoa pole. "Marehemu alimpigia simu Ijumaa, hakushika. Mnajua kwa nini? Kule New Zealand jua lilikuwa limeshazama, Sabato imeingia. Mtoto wangu alikuwa amezima simu, anaomba. Mama yake akasema, 'Basi, muache aombe.' Akatulia, akalala. Hakuamka."

Waombolezaji wakatikisa vichwa, wakasema Mungu apewe sifa. Alhamisi mzee angelisema hilo kaburini kwa kipaza sauti, mbele ya mchungaji na kijiji kizima cha Magwagwa. Alikuwa ameshaliandika kwenye karatasi, na karatasi imo mfukoni.

Bitutu peke yake hakutikisa kichwa. Bitutu ni mdogo wake marehemu, anauza ndizi Keumbu, na mtu aliyekaa sokoni miaka ishirini huwezi kumpa mbichi ukisema ni mbivu.

"Na Sabato yenyewe mlisalia wapi?" alimuuliza Mokeira huku akimenya viazi.

"Melini, mama mdogo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mokeira haikufika hata mlangoni. Bitutu alimtazama, akaendelea na viazi vyake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Ijumaa jua likikaribia kuzama, simu zote zilizimwa zikatiwa kwenye mkebe wa kakao juu ya kabati, hazitoki mpaka Jumamosi jioni. Waumini wengine walipigiana simu siku ya Sabato bila wasiwasi, na mchungaji mwenyewe alikuwa akimtania Alfayo juu ya mkebe huo, lakini mzee akishika lake ameshika. Mokeira alipopata kazi ya kutandika vitanda kwenye meli ya watalii, mama yake, Drusilla, alimfungia mkebe mdogo kwenye begi. Na kila Ijumaa, kabla mkebe wa nyumbani haujafungwa, Drusilla alimpigia kuuliza swali moja tu: "Umeona nini wiki hii?" Habari za kazi hakuzitaka. Kazi aliijua, alikuwa amechuma chai tangu usichana wake. Alitaka kuona.

Wiki ile meli ilikuwa New Zealand, ambako jua hulitangulia la Magwagwa kwa saa kumi. Mokeira alilijua hilo. Alikusudia kumpigia mama yake Alhamisi, akachoka, akajiambia atapiga Jumapili. Ijumaa jua la kule likazama, akazima simu, akaitia mkebeni, akalala. Drusilla alipoanza kumtafuta, saa kumi na moja jioni ya Magwagwa, kule Jumamosi ilikuwa imeshaanza.

Mpaka hapo hakuwa na kosa. Kosa lilikuja asubuhi, msimamizi wake aliposema basi la watalii lina kiti kitupu, anayetaka kwenda bure aende. Kwa miezi saba Mokeira alikuwa hajashuka nchi kavu ila kununua sabuni. Akaenda. Binti wa Alfayo, matembezini siku ya Sabato! Sabato yenyewe aliivunja kwa miguu, akaishika kwa simu tu.

Waliingizwa pangoni, wakapandishwa mashua ndogo ambayo kiongozi aliivuta kwa kamba. Akawaomba wasiseme neno. Kisha dari yote ikawaka. Walikuwa vimulimuli, maelfu kwa maelfu, lakini si kama wale wa nyumbani wanaozurura migombani mvua ikianza. Hawa walitulia walipo, kila mmoja na kijitaa chake cha buluu, na maji chini yakawaonyesha tena. Mokeira alilia kwa furaha. Akawaza, hili lazima mama alisikie, akaanza hapo hapo kutafuta maneno ya Ekegusii ya kumwelezea. Ilikuwa saa nane mchana. Magwagwa ilikuwa saa kumi alfajiri, saa ile ile ambayo baba yake alisema mkono wa mama ulianza kupoa.

Jumatano jioni alimkuta baba yake peke yake kando ya shamba la chai, pale wachimba kaburi walipokuwa wamepigilia vigingi vinne.

"Tata, usisome ile karatasi kesho."

"Kwa nini?"

"Sikuwa naomba. Nilikuwa nimeenda kutembea, Sabato. Nilikuwa naangalia wadudu."

Akamweleza yote, basi na mashua na pango, asijitetee popote. Alikuwa tayari kwa karipio. Angelipokea hata kofi. Alfayo aliketi kwenye nyasi na suruali yake ya kanisani.

"Mama yako hakusema 'muache aombe,'" alisema. "Hilo nililitunga mimi."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Piga tena.' Nilipiga mara tano, nikamwambia huko kwa Mokeira ni Sabato. Akasema, 'Piga tena.' Halafu jua likazama hapa kwetu. Nikazima simu, nikaitia kwenye mkebe. Akasema, 'Piga tena, Alfayo.' Nikamwambia Sabato imeingia." Mzee alifuta uso kwa kofia yake. "Akaniangalia tu. Kutoka hapo hakuniomba kitu kingine."

Mokeira alitaka kumwambia kwamba hata angepiga usiku kucha asingempata. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote kati yao.

"Alitaka kuniambia nini?"

"Hakutaka kukuambia kitu. Alitaka kukuuliza. Si unajua alichokuwa anakuuliza?"

Alijua. Alikaa chini kando ya baba yake, akalia kwa sauti, mpaka Bitutu akaja kuwaita wakale.

Alhamisi karatasi haikutoka mfukoni. Alfayo alitaja jina la mkewe, miaka yake na watu aliowalisha, basi. Mokeira alipotupa udongo aliinama, akaanza kusema kwa Ekegusii juu ya taa za buluu na maji, lakini wimbo ukaanza na watu wa nyuma wakawa wanasukuma.

Ijumaa jua lilipoanza kushuka juu ya chai, Alfayo aliushusha mkebe kama kawaida yake, akaufungua, akauweka mezani. Akatoa simu yake. Akatoa na ya Drusilla. Mokeira akaweka yake kando ya hizo. Wote wawili wakautazama mkebe, wala hakuna aliyetia kitu ndani. Giza likaingia. Simu zote tatu zikakaa pale mezani zikiwa zimewashwa, Sabato nzima, na hakuna aliyepiga.