Turufu Ndani ya Mkono wa Koti

Muuguzi aliwatenganisha makusudi. Fundi Saa alibaki chumba cha ndani cha kliniki akijibu maswali ya kishikwambi kwa mdomo, na mkewe akakalishwa kwenye benchi la nje na kishikwambi kingine, kila mmoja na maswali yake. Ugonjwa unaoua neva za misuli ulishaichukua mikono ya mzee, na ulimi ulianza kuwa mzito. Muuguzi alieleza kwamba wakati mwingine hugusa hata fikra na tabia, ndiyo maana wanapima mapema.

Mke alielewa, na akaogopa. Mikono angeweza kuizoea. Yeye ndiye aliyekuwa mikono ya mumewe sasa, anamlisha, anamvika, anamkuna mgongo. Lakini ule utani na ujanja wake ndio uliomfanya akubali posa, na hakuwa tayari kuupoteza.

"Je, siku hizi anasema maneno ya kuudhi bila kujali?"

Tangu siku ya harusi, alitaka kujibu, ila hapakuwa na kitufe cha namna hiyo. Akabonyeza "Hajabadilika."

"Je, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda?"

Hapo kidole kiliganda hewani. Tangu watoto wao wakiwa wadogo, wawili hawa walicheza karata kila jioni, anayefungwa anaosha vyombo. Mzee alikuwa hafungwi. Alikaa mezani amevaa koti lake la kazi, jasho linamchuruzika, akidai ana baridi. Sasa koti halitaki tena. Mkewe humpangia karata kwenye kibao kilichomgeukia mzee, naye hutaja ya kutoa, ya pili, ya tano, na hufungwa kila jioni. Tena anatabasamu tu.

Alibonyeza "Ndiyo, sana," machozi yakimlengalenga.

Walipokutanishwa, muuguzi alianza na habari njema. Hadithi aliyosomewa mzee aliikumbuka yote, na maneno aliyotakiwa kuyataja haraka aliyataja kwa wingi; programu ya kishikwambi iliondoa muda uliopotezwa na ulimi, ikapima ule wa kufikiri peke yake.

"Majibu yako ni mazuri, baba. Ila kuna jibu la mama, na ameniruhusu nikuulize. Anasema karata huzijali tena."

Fundi Saa alimtazama mkewe.

"Nazijali," alisema polepole. "Nashindwa kuiba."

"Kuiba nini?" mkewe aliuliza.

"Turufu. Nilikuwa naificha ndani ya mkono wa koti. Vidole vimegoma, mke wangu, nitaifichaje?"

"Miaka yote ile?"

"Yote."

"Na mimi naosha masufuria!"

Alisimama, akamwita mwizi, tapeli, mwanaume asiye na haya, mbele ya mtoto wa watu aliyekuwa kazini kwake. Halafu kicheko kikamshinda nguvu, akakaa chini anacheka na kulia kwa pamoja. Furaha aliyokuwa nayo hakujua aiweke wapi.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi akijifuta macho, "hakuna mahali pa kuandika kwamba huyu ni mwizi wa siku zote?"

"Hapana, mama. Hapa tunauliza kilichobadilika tu."

"Basi futa lile jibu. Hakuna kilichobadilika."

Muuguzi alilirekebisha, naye akicheka. Aliwaambia watapima tena baada ya miezi michache, kwa sababu ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Mke alilisikia hilo vizuri na hakujidanganya.

Jioni, masufuria yakisubiri jikoni, alichukua lile koti akalivaa yeye, akasema ana baridi. Mke akachanganya karata, akagawa, akakohoa kidogo, na turufu moja ikateleza ndani ya mkono wa koti, taratibu kabisa, au ndivyo alivyodhani. Alijifanya kupanga karata zake, huku akimwomba Mungu mumewe awe ameona.

"Itoe," alisema Fundi Saa. "Mwizi mkubwa wewe. Tena hujui hata kuiba."

Hakuwahi kutukanwa akafurahi namna ile. Aliitoa turufu, akambusu mumewe kwenye paji la uso, akaenda kuosha masufuria huku anaimba.