Kura ya Chumba cha Kufulia

Chumba cha kufulia cha hospitali kilijaa mvuke, na ndani yake Mama Pacha na Shangazi walikuwa wakikunja mashuka. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili: mmoja akisogea, mwenzake naye husogea. Miaka sita walikuwa wamekunja hivyo bila kuambiana neno. Mikono ilijiendea yenyewe, na Mama Pacha akaelea katika weupe ule kama mtu aliyelala macho wazi.

"Zimeni mashine!"

Msimamizi alisimama mlangoni na karani mwenye daftari. Kando yao alikuwa Mgeni, kama walivyomwita mfuaji mpya, mkono ukiwa umefungwa bendeji. Jana mlango wa mashine ulimbana vidole. Mle ndani hakuna asiyejua kwamba kitasa chake kilikuwa kibovu tangu mwaka jana. Waliufunga kwa kamba kila asubuhi.

"Tusipotezeane muda," alisema msimamizi. "Kama mashine ni mbovu, atatibiwa na kazi yake ipo. Kama ni uzembe wake, aende nyumbani. Wanaosema uzembe, mikono juu."

Mpiga pasi, aliyesimama mbele yao, akainua wake. Mama Pacha akaomba moyoni: Ee Mungu, nipe ulimi. Akamtazama Shangazi. Mkono wa Shangazi ulipanda polepole, na wa Mama Pacha ukapanda nao, mwepesi, bila kuulizwa. Aliuona huko juu akadhani ni wa mtu mwingine.

"Shangazi, kamba umeisahau?" alinong'ona.

"Nimeisahau wapi, mwanangu! Nimemfuata mpiga pasi. Wewe je?"

"Nimekufuata wewe."

Mpiga pasi akageuka. "Mbona mnanitazama? Nimewasikia mkiguna nyuma yangu, nikajua mmeshakubaliana."

Mama Pacha akashusha mkono.

"Bosi, mimi nautoa wangu. Kitasa ni kibovu. Tunafunga kwa kamba."

"Umechelewa, mama. Karani, umeandikaje?"

"'Wote wamekubali ni uzembe,'" karani akasoma.

"Nionyeshe," Mama Pacha akasema.

Karani akasita, kisha akamgeuzia daftari. Mama Pacha alisoma taratibu, neno kwa neno, akipitisha kidole chake chenye maji juu ya wino. Haukuchafuka, ulikuwa umekauka kitambo. Chini ya sentensi iliandikwa saa ya kura: saa mbili asubuhi.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano.